Kipele Kwenye Kioo: Shajara ya Tangi la Maji ya Bahari, Kikwajuni

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Tangi hili la maji ya bahari limo ukumbini kwetu Kikwajuni, mjini Zanzibar, na shajara naiandika kwa anayetaka kufuata nilivyofanya au kukwepa nilivyokosea. Bei zote ni shilingi nilizotoa mfukoni mwangu. Sikutia tumbawe lolote hai ndani. Hilo lishikeni tangu mwanzo, maana ndilo lililonikosesha usingizi.

12 Agosti 2023: Tangi limesimama

Kioo cha milimita 10. Urefu sentimita 100, upana 45, kina 45. Fundi wa vioo alitaka 180,000 tukakubaliana 150,000. Silikoni mirija mitatu, 27,000 (ile ya vyooni iliyotiwa dawa ya kuvu usiiguse, itaua kila kitu). Pampu mbili 90,000. Taa ya LED 230,000, shemeji yangu alinijia nayo kutoka Dubai. Kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho 65,000. Jumla 562,000 kabla ya samaki hata mmoja, na nyumbani nimesema nusu yake.

Mawe sikuyatoa baharini. Nimechukua kilo 22 za mawe ya matumbawe kutoka kifusi cha ukuta wa zamani, nikabandua chokaa ya ujenzi kwa patasi, nikayaroweka wiki tatu kwenye pipa nikibadilisha maji. Kama wewe unayo mawe yaliyotoka baharini, usiyachemshe kamwe. Baadhi ya viumbe vinavyofanana na vifungo vya shati huwa na sumu kali, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

30 Septemba 2023: Maji yametulia

Amonia sifuri, naitraiti sifuri (hizo ni sumu zitokazo kwenye uchafu wa samaki), chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu). Wameingia samaki wadogo wawili wa kwenye mawe na konokono kumi na wawili wa kula ukoga. Hakuna la kusimulia.

28 Oktoba 2023: Maji ya kiyoyozi

Kosa la kwanza, na ni la fundi khasa.

Maji ya tangi hupungua kwa mvuke lakini chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku lazima uongeze maji matamu. Ya bomba yetu yana chokaa nyingi. Mimi nashinda kutwa na viyoyozi vinavyodondosha maji laini yasiyo na chumvi wala chokaa, yanamwagika bure barazani kwa watu. Nikaona riziki hiyo isipotee. Kila jioni nikawa narudi na kidumu cha maji hayo.

Wiki ya tatu konokono wakaanza kubanduka kiooni mmoja mmoja na kulala chali. Samaki hawana habari, wanakula kama kawaida. Nikapima chumvi, nikapima amonia, kila kitu sawasawa. Wamekufa wanane ndipo nilipojipiga kofi la paji la uso: maji yale yamepita juu ya koili, na koili ni shaba. Miaka kumi na tano nalehemu koili kwa mikono yangu na sikuliona. Shaba kidogo tu, ambayo samaki haimshitui, humuua konokono, kamba na karibu kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo.

Tangu leo ni maji yaliyochujwa ya dukani, dumu la lita 20 kwa 2,500.

14 Novemba 2023: Bamvu

Ili kuitoa ile shaba ilibidi nibadilishe maji mengi kwa mpigo. Binamu yangu mvuvi amenichotea nje ya kisiwa cha Bawe, maji yamejaa kwa bamvu (yale maji makuu ya mwezi mwandamo au mpevu), madumu sita ya lita 20. Mafuta na ujira 40,000. Sichoti Forodhani wala Mtoni kwa sababu ya uchafu, na anayeishi mjini anaujua.

Kwa kawaida maji mapya nayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha nayaacha wiki nzima gizani ili vijidudu vife. Safari hii nilikuwa na haraka, konokono wanne waliobaki nao wameanza kulegea. Nimemimina jioni ile ile, bila kuchuja. Naliandika hapa lisije likasahaulika.

3 Desemba 2023

Shangazi yangu analima mwani Jambiani. Amenipa kishada na kipande cha kamba yake. Mwani hunyonya naitreti (kile kinachobaki uchafu wa samaki ukishaoza), na samaki wanapenda kujificha humo. Gharama: kilo mbili za sukari.

21 Januari 2024: Vipele

Kwenye kioo cha nyuma, karibu na mdomo wa pampu, kuna vitone vinne vya rangi ya kahawa. Kikubwa kinapata punje ya mtama. Viwili zaidi viko kwenye jiwe lililo mbele ya pampu hiyo hiyo. Mke wangu ndiye aliyeviona kwanza. Akasema, "Tangi lako limeota vipele," na jina likashika.

Nilivyodhani, kwa mpangilio ule ule niliodhani: mayai ya konokono (lakini mayai hayaongezeki upana), ukoga (haubanduki kwa kucha), sifongo (haina nukta nukta). Wiki hiyo hiyo, jiwe la kulia limetoa kitu kingine: kikonyo kinachopenya mwanga, juu yake minyiri mirefu myembamba, ukikigusa kinazama shimoni kufumba na kufumbua. Hicho nakijua kwa picha, ni Aiptasia, anemoni mbaya. Kinachoma majirani, na ukikikwangua unakigeuza kumi, maana kila kipande kinachobaki kinaota upya.

Nikaunganisha mawili haya kichwani: vipele ni watoto wa Aiptasia. Ilionekana akili kabisa.

3 Februari 2024: Ndimu

Dawa ya Aiptasia ni kuichoma sindano ya maji ya ndimu mdomoni. Bomba la sindano 500, ndimu mbili kutoka jikoni. Pampu zizimwe kwanza, ndimu isisambae. Aiptasia mbili kubwa zilinywea kama kamasi, kesho yake hazipo. Furaha. Basi nikageukia kile kipele kikubwa cha kwenye jiwe na kukipa dozi yake.

4 Februari 2024: Mfupa

Aiptasia ikifa haibaki hata alama. Kipele kimebaki. Ile rangi ya kahawa imetoka kama utando na chini yake kuna duara jeupe, gumu, limeshikana na jiwe.

Nililibandua kwa wembe, nikalisafisha kwa maji, nikalikausha juani. Kuna jirani yangu fundi saa, nikamwazima lenzi yake ya kubana jichoni. Duara zima halifiki milimita tatu, na juu yake kuna vikombe saba. Saba, vimepangika kama asali kwenye sega, kila kimoja chini ya milimita moja, na ndani mwake vijukuta vyembamba vinaelekea katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Vijukuta sita nilivihesabu wazi katika kikombe cha kati.

Nimeua tumbawe. Limekuja lenyewe hadi ukumbini kwangu na mimi nimelikamulia ndimu.

Jambo ambalo ningelifanya kwanza kama ningekuwa na subira ni kugusa kwa kijiti cha kusafishia meno. Aiptasia huzama mzima mzima. Kipele kilijikunja minyiri tu, umbo likabaki pale pale kwa sababu lina mfupa. Mtihani huo ni wa bure na haumdhuru yeyote.

6 Februari 2024: Siki, na kujidanganya tena

Nikamega kipande cha ule mfupa, nikadondoshea siki. Kikatoa povu. Nikatangaza nyumba nzima kwamba jambo limethibitika. Kisha, kwa kujaribu tu, nikadondoshea ganda la konokono aliyekufa: povu. Kijibomba cheupe cha mnyoo kutoka kwenye pampu: povu. Utando wa waridi uliotambaa mawe yote: povu. Siki inakwambia hii ni chokaa, basi, na baharini kila mtu anajenga kwa chokaa. Ushahidi wangu ni vile vikombe na kuta zake. Povu halikuongeza kitu.

18 Februari 2024: Kuhesabu minyiri

Vipele vitano hai vimebaki. Polipu (vile vinyama vyenye minyiri vinavyokaa katika vikombe) hufunguka vizuri usiku, kwa hiyo nimesubiri saa sita, taa zimezimwa tangu saa mbili. Tochi nimeifunika karatasi nyekundu ya peremende, maana mwanga mweupe huwafanya wajifunge. Simu nimeiegemeza kiooni na lenzi ya fundi saa nimeibandika kwa gamu juu ya kamera.

Picha thelathini mbovu, mbili nzuri. Minyiri kumi na miwili kwa kila polipu, mifupi, ncha nyeupe. Hapa kuna kanuni rahisi ya kukariri: matumbawe laini yana minyiri minane, na kila mmoja una vinyoya pembeni kama jani la mnazi. Matumbawe ya mawe na jamaa zake huenda kwa sita na mafungu ya sita. Kumi na miwili pamoja na mfupa: tumbawe la mawe.

La ukoo gani? Nilikwenda na ule mfupa skuli moja ambako rafiki yangu anafundisha baiolojia, tukautia chini ya hadubini. Sehemu iliyo baina ya vikombe ni ngumu, imejaa, ina chembechembe juu. Kwa matumbawe ya aina ya Acropora, yale ya pembe za kulungu, sehemu hiyo huwa na vitundu vitundu. Kwa hiyo tumeangukia ukoo wa Pocillopora na jamaa zake. Mwalimu akataka twende hadi jina kamili, mimi nikakataa. Kwa kitoto cha milimita tatu, ukoo unatosha.

25 Februari 2024: Vimetoka wapi?

Nilishuku kwanza kamba ya shangazi. Nimeikagua nyuzi kwa nyuzi: hakuna kipele hata kimoja. Nikashuku maganda ya konokono: safi. Vipele vyote viko kwenye njia ya maji ya pampu moja, na vyote vinalingana umri.

Hapo nikarudi kwenye maandishi ya 14 Novemba. Aina kadhaa za ukoo huu hazimwagi mayai tu. Polipu hulea vitoto ndani, kisha huvitoa kwa kufuata mwezi. Kitoto hutoka tayari kimebeba vijimwani vya mama yake ndani ya mwili, vinavyompa chakula kutokana na mwanga, ndiyo maana kinaweza kuelea wiki nyingi kabla ya kutua. Nimechota maji wakati wa bamvu, karibu na mwamba hai, sikuchuja, nikamimina siku ile ile, na baada ya miezi miwili vipele vinaonekana. Laiti nisingewaua konokono kwa shaba, nisingekuwa na haraka, na kanga ingewanasa wote.

10 Machi 2024: Tui

Utando wa waridi nao unajenga, na alkalini imeshuka kutoka digrii 8 hadi 6.2. (Alkalini ni ile akiba ya ndani ya maji ambayo viumbe hivi hujengea mifupa, iachwe baina ya 7 na 11 na isiyumbeyumbe.) Nimesoma kwamba dawa yake ni maji ya chokaa. Chokaa! Mji huu wote umepakwa chokaa, na Bi Mkubwa wangu anayo kopo zima kwenye kijamanda chake cha tambuu.

Nimechota vijiko vitatu, nimekoroga kwenye jagi, nimemimina jagi zima asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sikumaliza hata kufunga viatu. Maji yamegeuka tui la kwanza. Samaki wanahema juu juu, konokono wamefunga milango. Kipimo cha pH (kinachopanda maji yakipungua asidi) kimesoma 8.9, juu mno, na chini kunaanguka unga mweupe: kalisi (madini ya chokaa), niliyoitia na iliyokuwamo, inashikana na ile akiba ya alkalini na kuanguka kama mchanga, na alkalini inazidi kushuka badala ya kupanda.

Bi Mkubwa alitoka chumbani, akatazama tangi, akatazama kopo lake. "Mwanangu, hata mdomoni watu hupaka kwa ncha ya kidole."

Nilivyookoa: pampu ya hewa kwa nguvu zote, maana hewa hutia kaboni na kuteremsha pH, lita 60 za maji ya akiba, kazi ya asubuhi nimeiahirisha na mteja amekasirika. Samaki mmoja amekufa. Vipele vimejifunga siku nne, cha tano kimekufa.

Njia ninayoitumia sasa: kijiko kimoja cha chai cha chokaa safi isiyo na manukato katika lita nne za maji yaliyochujwa. Acha itulie hadi unga ushuke, chukua maji ya juu tu, yaliyo maangavu. Yapitishe kwenye mpira wa dripu ya hospitali (1,500), tone baada ya tone, usiku, kwa sababu usiku pH ya tangi huwa chini na kuna nafasi ya kupanda. Baharini chokaa huingia kidogo kidogo, nasi tuige. Wiki mbili baadaye alkalini imefika 7.8. Vaa miwani, maji hayo yanachoma macho.

29 Machi 2024: Joto

Tuko Ramadhani, nimekuwa nikiwachungulia wakati wa daku. Leo vipele vimepauka, rangi ya kahawa imekuwa ya chai ya maziwa. Maji digrii 30.8. Kukizidi joto, tumbawe huvitoa vile vijimwani vyake, na bila hivyo linabaki na njaa huku mfupa unaonekana kupitia nyama.

Fundi wa viyoyozi, na sina cha kupoza tangi! Mashine ya kupoza maji inaanzia 900,000. Nimefunga feni mbili za kompyuta mbovu, zinapuliza juu ya maji. Gharama 6,000 ya adapta. Asubuhi digrii 28. Maji yanayopotea kwa mvuke sasa ni lita tatu kwa siku, basi dumu la 2,500 haliishi wiki.

20 Aprili 2024

Rangi inarudi kwa vipele vitatu. Cha nne kimebaki cheupe, na ukoga umeanza kukipanda. Wiki hii Marekani na washirika wake wametangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne katika kumbukumbu. Binamu yangu hakuhitaji tangazo. Anasema nje ya Bawe maji ni kama ya kuogea mzazi.

5 Mei 2024: Hidaya

Kimbunga Hidaya kimepita kusini yetu, upepo na mvua mtindo mmoja. Kwetu umeme ulikatika kwa muda wa saa tisa. Pampu ya hewa ya betri ya pikipiki (35,000) niliinunua wiki iliyopita kwa kubahatisha, ikafanya kazi yote. Kile kipele cha nne kimekufa rasmi. Vilivyo hai ni vitatu.

Nilichota maji mapya baada ya mvua nikapima kabla ya kutia: chumvi 1.021. Masika huleta maji matamu juu ya bahari. Nimemrudishia binamu yangu, nikamwomba asubiri hadi anga likauke.

20 Julai 2024: Kinasimama

Kikubwa, cha kwenye kioo, kina upana wa milimita 14 na sasa hakitambai tu. Katikati kumeinuka kinundu. Maji ya kusi ni digrii 25 bila feni, na ukuaji umekuwa wa kuonekana kwa macho.

Amekuja kijana kutaka kukinunua, ametaja 100,000. Nimemkatalia. Kuvunja matumbawe baharini bila kibali ni kosa, na matumbawe yote ya mawe yamo katika mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe, hayavuki mpaka bila karatasi. Mimi sikuvunja kitu, lakini nikianza kuuza, nani ataamini kwamba cha pili nacho kilikuja chenyewe na dumu?

26 Oktoba 2024: Jina, nusu yake

Kikubwa sasa ni milimita 26 na kina matawi manne, na juu ya matawi kumeota vichuguu vidogo, kila kichuguu kimebeba vikombe vyake. Hilo ndilo nililokuwa nasubiri. Jamaa yake wa karibu, Stylophora, hana vichuguu. Vikombe vyake hufunikwa kijikofia upande mmoja. Kwa hiyo ni Pocillopora, na naliandika jina kwa wino.

Jina la pili sitaliandika. Tumbawe hili hubadili umbo kulingana na mwanga na mkondo. Moja katika maji makali huwa fupi na nene, nduguye katika maji yaliyotulia huwa refu na jembamba, na hata wataalamu huamua kwa vinasaba. Langu limekulia mbele ya pampu ya 45,000, umbo lake linasimulia habari za pampu zaidi ya ukoo wake.

Vipele hai: vitatu. Gharama hadi leo, pamoja na maji, vipimo, chokaa, feni na betri: 941,000. Nyumbani wanajua.

Shida mpya ni kwamba kile cha kwenye kioo kimetambaa hadi kwenye mpira unaoishikilia pampu. Pampu imeanza kunguruma, inataka kufunguliwa na kusafishwa, na haifunguki bila kuvunja tawi. Nimeagiza nyingine, niifunge upande wa kulia, hii niiache hapo hapo ilipo hadi izime yenyewe.